Dagaa Wetu Ugenini, Wageni Ziwani Kwetu

(Hotuba niliyoitoa Kigoma Ujiji mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki, wafugaji wa samaki na walimu. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Utani wa ukumbini nimeupunguza, na maswali mawili ya mwisho nimeyabakiza.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wa mwalo, shikamooni. Mama zangu wa dagaa, walimu, na ninyi vijana wa sekondari mliojibanza karibu na mlango, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie viumbe vamizi. Najua wengi mnatarajia nianze na magugu maji, na nitayafikia. Ila hapa Kigoma mtu akianza mazungumzo bila dagaa, watu humsikiliza kwa adabu tu, akili zao ziko mwaloni. Kwa hiyo naanza na dagaa.

Dagaa wa ziwa hili wako wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa kwa majina ya kitaalamu, na wote wawili ni wenyeji wa Ziwa Tanganyika. Kati ya mwaka 1958 na 1960, enzi za Wabelgiji, vifaranga wa dagaa walichotwa kutoka ziwa letu wakamwagwa Ziwa Kivu. Kivu imezungukwa na milima ya volkano, na maji yake ya katikati hayakuwa na samaki wa kuvuliwa. Wakubwa wa wakati ule wakaona ni hasara: maji yote yale, vidudu vyote vile vinavyoelea, na hakuna samaki wa kuvila. Aina moja ya dagaa ilishindwa. Nyingine, Limnothrissa, ikashika. Leo huko inaitwa isambaza, na ukifika Gisenyi, Goma au Bukavu utaikuta sokoni kama unavyokuta dagaa Kibirizi. Mwaka 1967 na 1968 ndugu zao wakapelekwa Kariba, lile bwawa kubwa la mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko jina lao likawa kapenta. Hawakuridhika na Kariba. Wakapita kwenye mitambo ya umeme, wakateremka na mto hadi bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, ambako hakuna mtu aliyewapeleka.

Naona mnatabasamu. Mtoto wa nyumbani amefanikiwa ugenini. Hata mimi najivuna kidogo.

Lakini Kivu kulikuwa na mwenyeji mwingine. Ni kidudu cha maji kiitwacho Daphnia, kidogo kwetu, ila kikubwa kati ya wenzake, na kazi yake ilikuwa kuchuja mwani. Dagaa alipofika alikikuta kinaelea bila kujificha, maana katikati ya ziwa lile hakikuwa kimewahi kukutana na mdomo wa samaki wa namna ile. Watafiti walipolinganisha vidudu vya Kivu vya kabla ya dagaa na vya baada ya dagaa, Daphnia hakuwepo tena. Hakuna mvuvi aliyemlilia. Hakuna aliyemjua. Na mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, yule mwembamba wa kung'aa anayetembea kwa makundi kwenye miamba, alionekana Kivu. Nani alimpeleka, na kwa ndoo gani?

Nimeanza na habari hii makusudi. Tukisema kiumbe vamizi, watu hufikiria kitu chenye sura ya kutisha. Dagaa hatishi mtu. Kiumbe huwa vamizi pale anapotolewa kwao, akawekwa mahali ambapo hakuna anayemla, hakuna ugonjwa unaomjua, na wenyeji hawajajifunza kumkwepa, kisha akaenea hadi akawabana wenyeji hao. Na karibu kila mara kuna mkono wa mtu uliombeba, na mtu huyo alikuwa na nia njema. Hilo ndilo jambo langu la leo.

Kabla sijaendelea, niseme kitu ili nisieleweke vibaya, hasa katika mji kama Ujiji, mji uliojengwa na watu waliotoka Pwani, Umanyema na kila upande. Si kila mgeni ni mvamizi. Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi, na Kigoma bila mawese sijui ingeitwa nini. Hata sokwe wa Gombe wanakula chikichi. Mwembe ulitoka Asia. Ule uliosimama hapa Ujiji mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 ulikuwa mgeni kama wao. Muhogo na mahindi vyote vilitoka Amerika. Mimea hii imekaa nasi, tunaipanda inaota, tusipoipanda haijazi msitu. Ugomvi wangu ni na yule anayejipanda mwenyewe.

Sasa twende Ziwa Viktoria, maana huko ndiko somo lilikofundishwa kwa gharama kubwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sangara alialikwa Viktoria kwa moyo huo huo. Mwaka 1954 aliwekwa upande wa Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine wakaongezwa rasmi. Ziwa lile lilikuwa na samaki wadogo, furu, kwa wingi usiosemeka. Inakadiriwa spishi zaidi ya 500, karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Katika samaki wa chini wa ziwa lile, kwa uzito, furu walikuwa kama asilimia 80. Wazungu wa idara za uvuvi waliwaita samaki wa takataka, wadogo, wenye miiba, wasio na soko. Wakafikiri: tuweke samaki mkubwa awale hawa, awageuze kuwa nyama ya kuuzika. Walikuwepo wataalamu waliopinga wakati ule ule. Hawakusikilizwa.

Kisha ikapita miaka zaidi ya ishirini, na hakuna kilichotokea cha kuonekana. Hapa naomba wazee mnisikilize vizuri, kwa sababu huu ndio mtego. Sangara alikuwemo, akizaana polepole, na kila aliyetabiri balaa alionekana mwongo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Kenya, na katikati ya miaka ya 1980 kwetu katika Ghuba ya Mwanza, akalipuka. Furu waliokuwa wakijaza nyavu wakawa hawaonekani. Inaaminika spishi kama 200 hivi zimepotea.

Watu husema "furu" kana kwamba ni samaki mmoja. Kulikuwa na furu wa kula mwani, furu wa kula tope na mabaki ya chini, furu wa kuvunja konokono, furu wa kula wadudu, furu wa kubandua magamba ya wenzao. Kila mmoja alikuwa na kazi katika maji yale. Walipoondoka, kazi zikabaki bila wa kuzifanya. Mabaki yaliyokuwa yakiliwa yakaoza chini na kumaliza hewa ya maji. Waliofaidika ni uduvi na dagaa wa kule. Na sangara, baada ya kumaliza furu, akageukia uduvi na watoto wake mwenyewe.

Balaa likapanda hadi nchi kavu. Furu unamwanika juani, basi. Sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua, lazima umkaushe kwa moshi au umkaange, na hiyo ni kuni. Miti ya kando ya ziwa ikakatwa, mvua ikasomba udongo, maji yakachafuka. Nani angefikiri mwaka 1954 kwamba kuweka samaki majini kungekata miti milimani?

Sitaki kusema uongo kwamba sangara hakuleta fedha. Alileta. Viwanda vya minofu vilijengwa, minofu ikaenda Ulaya, watu walijenga nyumba na kusomesha watoto. Kuna mzee pale mbele anatikisa kichwa, nadhani aliwahi kuvua Mwanza. Ni kweli, mzee wangu. Ila minofu ilipopanda ndege, wenyeji wengi walibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Na leo sangara mwenyewe anapungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, wakati furu waliopotea hawana pa kurudishwa kutoka.

Na haki ya sangara pia isemwe, maana hakufanya yote peke yake. Uchafu wa miji na mbolea za mashamba zilinenepesha mwani, maji yakawa na ukungu. Jike wa furu humchagua dume kwa rangi, mwekundu au wa bluu. Maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani, jike anakosea, spishi mbili zinachanganyika na kuwa kitu kimoja cha rangi ya tope. Kwa hiyo spishi zilipotea kwa njia mbili, moja kwa kuliwa, nyingine kwa giza.

Sasa rudini nyumbani. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Lakini hewa ya kupumulia samaki ipo juu tu, katika mita mia moja au mia mbili na kidogo. Chini ya hapo ni maji yasiyo na uhai wa samaki. Utajiri wote tunaojisifia umekaa kwenye tabaka hilo la juu, na sehemu kubwa yake iko kando kando, kwenye mawe na mchanga ambako watoto wetu wanaogelea. Kuna jamii ya akina perege na kuhe peke yake yenye spishi zipatazo 250, karibu zote za hapa tu. Kuna samaki wa kutaga mayai ndani ya magamba matupu ya konokono. Kuna kaa na konokono wasiopatikana ziwa jingine lolote. Na wale samaki wa mawe mwamba huu wana rangi hii, mwamba wa pili wana rangi nyingine, kwa sababu kati yao kuna mchanga wasioweza kuuvuka.

Kuna jambo linalonivutia sana katika hili. Sangala wetu wa Tanganyika, na migebuka pia, ni ukoo mmoja na sangara. Jenasi moja, Lates. Tunao wa aina nne, wote walaji wa samaki, na hawajafilisi ziwa. Wamekua pamoja na mawindo yao kwa muda mrefu mno. Dagaa anajua kukimbia, migebuka anajua kukimbiza, na wote wapo. Ukoo ule ule, ulipopelekwa kwenye ziwa ambalo furu hawakuwa wanamjua, ukafanya mauaji. Kwa hiyo mtu akikuambia "samaki huyu hana madhara, kwao anaishi vizuri tu na wenzake," muulize kwao ni wapi.

Tanganyika ilinusurika kwa sababu moja: hakuna aliyelimwagia samaki mkubwa mgeni. Ni bahati, na bahati si mpango. Wenzetu wa Ziwa Nyasa karibu yawafike, na kwa dagaa wetu hawa hawa. Miaka ya 1980 kulikuwa na mjadala wa kitaalamu: kule kuna vijidudu vya ziwani vinavyopaa kama moshi juu ya maji, ikadhaniwa vinapotea bure bila kuliwa, basi waletwe dagaa wa Tanganyika wavile. Hoja ya Kivu, neno kwa neno. Safari hii waliopinga walisikilizwa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba samaki wenyeji wa Nyasa walikuwa wakila vijidudu vile siku zote. Hakukuwa na chakula kilichokuwa kinapotea.

Basi milango yetu sisi iko wapi?

Mlango ninaouhofia zaidi ni mabwawa ya samaki na vizimba. Naona wafugaji mmekunja uso, subirini. Mwaka 2024 ziwa upande wetu lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili dagaa na migebuka wapumue. Iliuma, na kila aliyepitia miezi ile anajua kwa nini serikali inasukuma ufugaji. Mimi naunga mkono ufugaji. Swali langu ni dogo: vifaranga wanatoka wapi, na ni wa nani?

Mtaalamu mwenzangu aliyekaa hapa ataniambia sato ni mwenyeji wa upande wa kaskazini wa ziwa hili, kule Rusizi. Ni kweli. Lakini sato wa kufugwa anayesafirishwa kwa mifuko ya oksijeni hatoki Rusizi. Amechaguliwa vizazi kwa vizazi akue haraka, na anachanganyika kwa urahisi na ndugu zake wa jamii ya perege. Perege wageni wamekwisha kuenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania, wengi wao kwa kupelekwa makusudi na miradi ya kuongeza samaki, miaka nenda miaka rudi. Bonde la Malagarasi lina perege wake anayeitwa karomo. Huyu hapatikani popote duniani nje ya bonde hilo, na tayari amewekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Akichanganyika damu na mgeni hatakufa siku moja mkamzika. Ataendelea kuonekana sokoni, ila ukaromo wake utapungua mwaka hadi mwaka: nusu, kisha robo, kisha jina tu.

Malagarasi si mto wa kupuuzwa. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, inayogusa Kigoma na Tabora, ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, hekta milioni 3.25. Kila kinachoelea kule kitafika ziwani. Na hapo ndipo naleta magugu maji.

Magugu maji kwao ni Amazon. Watu waliyabeba kuyapeleka duniani kote kwa ajili ya ua lake la zambarau, ili kupamba madimbwi ya bustani. Ziwa Viktoria yaliingia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mto, kupitia Kagera. Katikati ya miaka ya 1990 meli zilishindwa kutia nanga, mitumbwi ikanaswa, chini ya zulia lile maji yakakosa mwanga na hewa, na konokono wa kichocho wakapata makazi. Katika mazingira mazuri gugu hili hujiongeza mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Mbegu zake hulala kwenye tope zaidi ya miaka 15, zikisubiri.

Ziwa letu katikati lina mawimbi na maji maskini wa mbolea, gugu hili halitastawi hapo. Hiyo isituridhishe. Midomo ya mito na ghuba zilizotulia, penye matete na maji ya tope kama pale Luiche inapoingia ziwani, ndipo litakapokaa, na ndipo samaki wengi wanapozalia. Wavuvi wanahama. Wavu uliotoka Viktoria ukiwa na unyevu, umekunjwa na kijani kidogo ndani yake, ukifika hapa ukatupwa majini umeshafanya kazi ya mto Kagera. Anika wavu mpaka ukauke kabisa. Pangusa mtumbwi. Haihitaji bajeti ya mtu.

Kusini nako kuna habari. Zambia, tunayechangia naye ziwa, ina kamba wa maji baridi kutoka Australia, mkubwa, mwenye alama nyekundu kwenye gando. Aliletwa kufugwa, akatoroka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo ameenea Kariba na mto Kafue. Anakula mimea, konokono, samaki waliokwisha kunasa wavuni. Kigoma ninayoijua, akipatikana mchuuzi wa kuleta ndoo moja ya kamba hao, atakosa wa kumzuia na hatakosa wa kumnunua. Nawaomba mkimwona, asifike majini.

Na ninyi mnaokamata samaki wa mapambo, nina neno fupi. Samaki aliyekataliwa na mnunuzi msimwachie kwenye mwamba wa karibu kwa kumwonea huruma. Mrudishe kwenye mwamba wake. Kama mwamba huo uko Kongo au Zambia, basi asirudi majini kabisa. Mgeni si lazima avuke mipaka ya nchi; hapa anatosha kuvuka mchanga wa kilomita mbili.

Nimekaa sana majini. Nchi kavu nitapita haraka, ingawa wakulima mngependa nikae. Viwavijeshi vamizi vya mahindi vilitoka Amerika, vikaonekana Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata vilikuwa Tanzania. Kantangaze wa nyanya alikuwa ametangulia. Inzi wa maembe, yule anayeacha funza ndani ya tunda zuri kwa nje, aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na watu wa Tabora na miembe yao wanamjua. Hawa mnapambana nao kila msimu, mabwana shamba wanawaeleza vizuri kuliko mimi.

Ila Mahale siwezi kuiruka. Miaka ya 1960, kabla ya kuwa hifadhi, palipandwa mti wa kivuli wenye maua ya njano, ndugu wa mjohoro, uliotoka Amerika ya Kusini. Miti michache tu. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1985 na vijiji vikahama, mashamba yaliyoachwa yakawa wazi, na badala ya msitu wa asili kurudi polepole na matunda yanayoliwa na sokwe, mti huu ukawahi nafasi. Ukiukata unachipua machipukizi mengi kuliko ulivyokuwa. Dawa waliyoijaribu watafiti ni kuubandua gome kuzunguka shina lote ufie ukiwa umesimama, na kurudi tena na tena kung'oa miche. Mti uliopandwa kwa asubuhi moja unatafuna vibarua kwa miaka. Na bado kuna watu Kigoma wanaupanda uani kwa sababu maua yanapendeza. Yanapendeza kweli. Pandeni mninga.

Kuna mtu atauliza: mbona ninyi wataalamu mlileta mbawakawa kutoka Amerika ya Kusini kula magugu maji? Si mgeni naye? Ni mgeni. Tofauti ni kwamba mbawakawa wale walijaribiwa kwanza, miaka kadhaa, kwa kunyimwa magugu maji na kupewa mimea mingine, ikaonekana hawaishi bila gugu lao. Wakatumika Viktoria miaka ya 1990 na, pamoja na mawimbi ya mvua za El Niño, wakalipunguza sana. Hata kidung'ata wa muhogo, aliyeingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea kote kunakolimwa muhogo, alidhibitiwa hivyo hivyo. Walimtafuta adui yake kwao, wakampata Paraguay, nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, wakampima, wakamwachia. Mtu aliyeongoza kazi ile, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Yule nyigu hali muhogo wala hamgusi nyuki. Sangara hakupimwa na mtu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipokee maswali mawili.

Ndugu mfugaji anasema: "Perege wa kienyeji hakui, sato anakua miezi sita. Nikifuata maneno yako watoto wangu watakula nini?"

Ndugu yangu, sijasema ubomoe bwawa. Nasema hivi. Bwawa likae mahali ambapo mafuriko hayafiki. Aliyechimba bondeni kando ya Luiche au Malagarasi amefuga kwa ajili ya mto. Bomba la kutolea maji liwe na wavu wa matundu madogo, na usimwagie maji ya bwawa mtoni ukivuna. Vifaranga wa dume tupu wanasaidia, lakini hawawi dume tupu kwa asilimia mia, kwa hiyo usiwatumie kama ruhusa ya kuzembea. Kuhusu vizimba vya ziwani nina msimamo mkali zaidi, kwa sababu kizimba hupasuka: dhoruba moja, mamba mmoja, mwizi mmoja na kisu. Ndani ya ziwa hili afugwe perege wa Tanganyika, anayevuliwa hapa hapa, na fedha za utafiti ziende kumfanya akue haraka. Atachelewa kuliko sato kwa miaka kadhaa. Nakubali ni hasara, na hasara hiyo isibebwe na mfugaji peke yake. Mkopo wa kizimba upimwe kwa mwendo wa samaki huyo, si kwa mwendo wa sato. Hilo mlipeleke kwenye vikao vya halmashauri, na mkiniita nitakuja kulisema.

Mama wa pili pale, nimekusikia. Anasema ameona Mwanza na Kisumu wanasuka vikapu na viti kwa magugu maji, wengine wanatengeneza mbolea, basi kwa nini sisi tuyaogope?

Mama, kule yapo tayari, na mtu aliye ndani ya shida ana haki ya kusuka kikapu kutokana nayo. Sisi hatujafika huko. Biashara ikianza, kuna atakayetaka mali ghafi isiishe, na atakuwa wa kwanza kulificha gugu linapotaka kung'olewa. Sokoni Mwanga kuna ukindu na matete ya kutosha. Ukiliona gugu lile, lina jani la duara linalong'aa na kikonyo kilichovimba, ndani yake kama sifongo. Usilivunje, kwa sababu kila kipande ni mche. Ling'oe lote na mizizi kabla halijatoa ua, liweke kwenye beseni lisidondoke njiani, lipeleke nchi kavu mbali na maji, lianike likauke kabisa, kisha lichome. Halafu mwambie mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ulipolikuta, ili watu warudi pale pale kila mwezi kutazama, maana mbegu zinaweza kuwa zimeshaanguka.